Maiti ana waosha wake, mgonjwa je?

Afapo mtu katika mitaa yetu, haipiti saa moja kabla ya kila jambo kupata mwenyewe. Akiwa mwanamume, wataitwa wazee wawili watatu wa msikitini; akiwa mwanamke, kina mama wanaojulikana kwa kazi hiyo watakuwa wamekwisha kujifunga kanga zao hata kabla ya sanda kufika. Hakuna anayeuliza nani ashike maji na nani ashike shuka. Utupu utafunikwa toka kitovuni hadi magotini, mwosha atazungushia kitambaa mkononi, pazia litafungwa, na aibu ya maiti ikionekana itafichwa. Mkunazi utatafutwa, karafuu maiti itanunuliwa. Hata mtoto wa madrasa atakwambia kwamba mwanamume huoshwa na wanaume na mwanamke huoshwa na wanawake, na kwamba mume na mke wanaruhusiwa kuoshana, imepokewa kuwa Asmaa binti Umays ndiye aliyemwosha mumewe, Sayyidna Abubakar (R.A.).

Sasa tumtazame mtu huyohuyo miezi sita kabla ya kufa. Amelala kitandani, upande mmoja wa mwili umepooza, hajiwezi kwa haja ndogo wala kubwa. Nani anamwogesha? Nani anambadilisha nguo? Nani anampa dawa ya saa mbili asubuhi, na nani anajua kwamba imekwisha kutolewa? Katika nyumba nyingi jawabu ni moja: yeyote atakayekuwa karibu. Na huyo aliye karibu, mara nyingi, ni mke wa mtoto wa kiume au msichana wa kazi.

Tumeletewa barua na msomaji wetu wa mkoa wa Tanga, ambaye jina na mtaa wake tunausitiri. Ni mke wa mtu, na baba mkwe wake alipatwa na kiharusi mwezi wa Ramadhani. Mzee ana watoto wa kiume watatu, wawili kati yao wanaishi katika mji huohuo. Mama mkwe yuko hai, ila magoti yanamsumbua. Kazi yote ya kumwogesha mzee, kumsafisha na kumpa dawa imemwangukia dada huyu, kwa hoja kwamba mkwe ni maharimu wake, na kwa hiyo hakuna haramu. Yeye hakulalamikia uchovu. Alichokiandika ni kwamba mzee ameanza kukataa maji ya kunywa. Alfajiri hunywa funda mbili, mchana hasogezi kikombe, na alipobanwa aseme sababu alilia, akasema hataki kumpa mke wa mwanawe kazi ya kumwona. Dada anauliza mambo mawili: je, ni halali anachokifanya, na je, atapata dhambi akikataa?

Tulianze la kwanza. Ni kweli kwamba mke wa mtoto wa kuzaa ni maharimu. Aya ya 23 ya Sura An-Nisaa imewataja wake za wana miongoni mwa walioharimishwa kuolewa. Lakini umaharimu haufungui kila mlango. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunaifuata, utupu wa mwanamume mbele ya maharimu zake wa kike ni baina ya kitovu na magoti. Madhehebu nyingine zina maelezo yanayotofautiana kuhusu sehemu zilizobaki za mwili, ila hakuna inayoruhusu tupu mbili zenyewe kutazamwa wala kushikwa pasipo dharura, isipokuwa baina ya mume na mke. Basi dada huyu anaweza kumwosha mzee uso, mikono, kifua na miguu, kumlisha, kumchana nywele na kumkanda bega lililokufa ganzi, na ana malipo yake kwa Mola wake. Kusafisha sehemu za siri ni mlango mwingine kabisa.

Mlango huo hufunguliwa na dharura, na sharia yetu haikuumbwa ili mgonjwa aoze katika uchafu. Dharura huhalalisha kilichokatazwa. Hilo kila mmoja wetu analijua na hulitaja upesi. Nusu ya pili ya kanuni ndiyo inayosahauliwa, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Haisemwi kuwa kuna dharura wakati watoto wawili wa kiume wako umbali wa mwendo wa bajaji. Haisemwi kuwa kuna dharura wakati mke wa mgonjwa yuko chumba cha pili. Dharura ipo pale ambapo aliye na haki zaidi hayupo, au hawezi, na mgonjwa hawezi kusubiri. Usiku mzee akichafuka na hakuna mwanamume ndani, dada na amsafishe, mkono ukiwa na glovu au kitambaa, shuka likiwa juu, macho yakiwa kwenye kazi. Hana dhambi. Dhambi, ikiwapo, waulizwe waliopanga mambo yafike hapo kila siku.

La pili ni jepesi kulijibu ingawa ni zito kulisema mbele ya wanaume wa nyumba hiyo. Aya za 23 na 24 za Sura Al-Israa, zinazotuamrisha wema kwa wazazi wanapofikwa na uzee wakiwa kwetu, zinamsemesha mtoto. Hazimsemeshi mke wa mtoto. Anapomhudumia mkwe wake anafanya ihsani, na ihsani hushukuriwa, haidaiwi. Wajibu ni wa wale watatu, na yule wa mbali anayetuma fedha kila mwezi hajajitoa kwa fedha hizo. Angalau agharimie mwanamume wa kulipwa atakayekuja asubuhi na jioni. Tunawajua ndugu walioko Muscat na London ambao hupiga simu ya picha wakaamuru baba apewe hiki na asipewe kile, kisha simu ikikatika shuka linabaki mikononi mwa yuleyule.

Wapo watakaosema kwamba mwanamume wa Kiafrika hamtazami baba yake utupu, na kwamba mila nyingi za kwetu zinaweka haya kubwa baina ya baba na mwana. Tunaiheshimu haya hiyo. Lakini mwana huyohuyo akifiwa na babake atajitokeza kuingia ndani ya pazia, na watu watamsifu. Haya iliyokubali kufunikwa kwa shuka mbele ya maiti itashindwaje kufunikwa kwa shuka mbele ya aliye hai? Tena aliye hai ana faida moja asiyokuwa nayo maiti: anaweza kuulizwa. Na aulizwe yeye kwanza. Wapo wazee watakaosema bora kijana wa kulipwa nisiyemjua kuliko mwanangu. Wapo watakaosema bora mama yenu peke yake. Sura An-Nur, aya ya 58, imewafundisha hata watoto wadogo na watumishi wa ndani kuomba ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya isha. Ikiwa mwenye afya amewekewa faragha hiyo chumbani kwake, mgonjwa hakunyang'anywa kwa kuwa hawezi kufunga mlango. Bisha hodi. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumfunua.

Kwa nyumba ya dada wa Tanga tungeshauri mgawanyo huu, na waupime kwa hali yao. Watoto wa kiume wagawane asubuhi na usiku, kazi yao ikiwa kumnyanyua, kumgeuza na kumwogesha. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiunoni na visiginoni huchimbika vidonda ambavyo kupona kwake ni taabu kubwa. Mama mkwe, ambaye magoti yake hayamruhusu kunyanyua lakini mikono yake ni mizima, asafishe sehemu za siri mumewe akishageuzwa, maana baina yao hakuna pazia. Dada abaki na chakula na dawa, akiridhia. Na kikombe cha maji kirudishwe kwa mzee mara moja, kwani mgonjwa asiyekunywa maji hupata maradhi ya njia ya mkojo, huchanganyikiwa, na figo zake huweza kudhurika. Haya yake ni ya kheri. Kuiacha imuue ni jambo jingine.

Akiwa mgonjwa ni mama na ndani hamna ila watoto wa kiume, mpangilio ni uleule umegeuzwa. Kuna binti, hata akiwa ameolewa mbali. Kuna dada za mama, wakwe, mashoga zake wa miaka arobaini. Hapa tunalo la kuwaambia viongozi wa misikiti. Karibu kila msikiti una kina mama wake wanaoosha maiti, waliofunzwa, wenye siri na wasiotapika. Kwa nini simu yao ipigwe siku ya mwisho tu? Wanawake wawili wakipita kwa mama asiye na binti mara mbili kwa wiki kumwogesha kwa stara, watakuwa wamefanya akiwa hai yale watakayomfanyia akishakufa, na safari hii atawaombea dua yeye mwenyewe.

Tuje kwenye dawa, ambako kosa haliishii kwenye aibu.

Kutibiana si jambo lililofungwa kwa jinsia wakati wa haja. Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) amesimulia jinsi wanawake walivyotoka na Mtume (S.A.W.) vitani wakiwanywesha maji askari na kuwatibu majeruhi. Bibi Ummu Salama (R.A.) alipotaka kuumikwa aliomba idhini kwa Mtume, naye akamwamuru Abu Taiba amuumike; na mpokezi wa habari hiyo, katika Sahihi Muslim, anaongeza kwamba anadhani alikuwa nduguye wa kunyonya au kijana ambaye hajabaleghe. Tunaipenda nyongeza hiyo. Hata aliyekuwa akisimulia aliona msomaji atataka kujua: huyo aliyemgusa alikuwa nani kwake?

Lakini swali la dawa lina upande wa pili, nao ni ujuzi. Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibnu Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alimbebesha dhamana yule anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu. Wanazuoni wameifahamu hivyo: akidhuru, analipa. Nia njema haimtoi. Hadithi hiyo iwafikie wale majirani zetu wanaozunguka na mabomba ya sindano mfukoni, na wale wa duka la dawa wanaochoma sindano nyuma ya kaunta kwa maelezo ya mgonjwa peke yake. Serikali nayo ina lake: kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, anayefanya kazi ya uuguzi lazima awe amesajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukimwajiri mtu aje nyumbani kama muuguzi, kumwomba leseni yake si utovu wa adabu. Sheria hiyo haimzuii mtoto kumpa mzazi wake kidonge alichoandikiwa hospitali. Inachotakiwa ni kwamba mtoto huyo awe ameelekezwa.

Na hapa ndipo tunapomkuta msichana wa kazi. Ana miaka 15 au 16, ametoka kijijini mwaka huu, kusoma kwake ni kwa kubabaisha, na maandishi ya chupa ni ya Kiingereza. Mwenye nyumba anaondoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi kazini, na kumwachia bibi mwenye kisukari pamoja na insulini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, huku Bara, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Hairuhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na aliyevuka hapo inakataza apewe kazi yenye madhara. Tuweke sheria kando, tutazame kazi yenyewe. Insulini nyingi za siku hizi zina yuniti 100 katika kila mililita, na bomba lake limechorwa mistari ya kipimo hicho. Yapo pia mabomba yaliyotengenezwa kwa insulini ya yuniti 40. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, mstari unaosema 20 utakuwa umebeba yuniti 50. Msichana hakukosea kusoma. Aliyemnunulia bomba ndiye aliyekosea. Na bibi akiwa hajala asubuhi hiyo, hata kipimo sahihi chaweza kumwangusha.

Anayekabidhiwa insulini, awe mke, mwana au mfanyakazi mtu mzima, ayajue haya kabla ya siku ya kwanza: kwamba mgonjwa asiyekula hachomwi kabla ya kuuliza hospitali, kwamba jasho la ghafla, kutetemeka na kusema ovyo ni dalili za sukari kushuka, kwamba hapo hupewa vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji akiwa macho na anaweza kumeza, na akiwa amezimia hatiwi chochote mdomoni, anakimbizwa hospitali. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji penye nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya joto kali kwa muda wa wiki nne hivi, na nyumba isiyo na friji isidharau mtungi wa udongo penye kivuli. Mafunzo haya hutolewa bure wodini. Kabla ya kusaini karatasi ya kuruhusiwa, mwiteni muuguzi, mwombeni awaonyeshe kwa mkono, kisha nanyi mfanye mbele yake. Aje yule atakayefanya kazi yenyewe. Mara nyingi anayekwenda kumchukua mgonjwa ni mwenye gari.

Kwa aliyepatwa na kiharusi kuna la ziada. Asimezeshwe kidonge akiwa amelala chali. Aketishwe, kidevu kikielekea kifuani. Akikohoa kila anywapo maji, daktari aambiwe, maana maji hayo huenda yanaingia mapafuni. Vidonge visitwangwe kwenye kinu na kutiwa ujini bila kuuliza, kwani vipo vilivyotengenezwa viyeyuke polepole tumboni, na kuvitwanga ni kumpa dawa ya siku nzima kwa funda moja.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hakuna mahali msemo huo unapoonekana wazi kama kwenye kimeza cha dawa cha mgonjwa mwenye watoto wanaompenda. Wa kwanza kapita alfajiri akampa dawa ya presha. Wa pili kaja saa tatu, kaona baba hajapewa, akampa tena. Dawa iwe na mtunzaji mmoja anayejulikana kwa jina, na naibu wake, na daftari la kurasa chache linaloning'inia kitandani: siku, saa, dawa, sahihi. Wengine wote, hata mkubwa wao, wasome daftari kabla ya kugusa chupa.

Jirani zetu wa Uganda walifika mbali zaidi katika swali hili la nani atoe dawa. Mwaka 2004 walibadilisha kanuni zao ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea huduma ya wagonjwa mahututi waruhusiwe kuandika mofini ya maji kwa wenye maumivu makali, hasa ya saratani, nayo ikatumika nyumbani chini ya mikono ya jamaa. Ufunguo ulitolewa kwa wengi zaidi, lakini kwa waliofunzwa, na kwa hesabu.

Kuna kisa kimoja cha sira ambacho kila mtoa dawa nyumbani angepaswa kukijua. Katika maradhi yake ya mwisho, Mtume (S.A.W.) alizidiwa, na jamaa zake wakamtilia dawa pembeni mwa mdomo. Alikuwa akiwaashiria wasifanye. Bibi Aisha (R.A.) anasimulia kwamba walisema moyoni ni chuki tu ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiliwe dawa hiyohiyo naye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas, kwa kuwa hakuwapo. Kisa kiko katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wamekieleza kwa njia kadhaa. Sisi tunakiona ni onyo kwa wale wanaombana pua mzee mwenye akili timamu na kumsukumia kijiko. Akikataa, aulizwe sababu. Huenda dawa inamtapisha, huenda anaogopa haja itakayofuata. Aliyepotewa na akili kwa uzee ana hukumu yake, na huyo walii wake na daktari washauriane. Hata hivyo asifichiwe dawa chakulani kwa uamuzi wa mtu mmoja jikoni.

Katika barua yake dada wa Tanga ameuliza pia kuhusu swala ya mkwe wake, ambaye amewekewa mpira wa mkojo: atawadhaje, na je, mfuko ulio na najisi unabatilisha? Suala hilo linataka nafasi yake, na tutalieleza toleo lijalo, inshaallah. Mpaka hapo mzee asiache swala kwa kungojea gazeti. Wakati wa kila swala ukiingia, mmoja wa wanawe amwondoe uchafu awezao kuuondoa, amtawadhishe, au kama maji yanamdhuru amtayamamishe, amwelekeze kibla kwa kadiri kitanda kinavyoruhusu, naye aswali kama alivyo.